SHAHIDI MMOJA HATOSHI KWENYE MPAKA UNAOTEMBEA



Ndugu zangu, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Ukiwa na haraka, ihifadhi uisome baada ya Isha. Naomba tu usiisambaze kabla hujaifikisha mwisho. Sababu ya ombi hilo utaikuta humu humu ndani.

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana aliyekosea hadharani anapaswa kujirekebisha hadharani.

Mnakumbuka Mei 2024. Ijumaa ya tarehe 10 jua lilituma dhoruba kubwa, ya nguvu ambayo haikuwa imeonekana kwa miaka ishirini hivi. Mianga ya rangi ikaonekana angani katika nchi ambazo si kawaida yake. Jumapili, tarehe 12, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Mtandao uliposhika kidogo, kijana mmoja akanitumia klipu: sauti nzito, muziki wa kutisha, picha ya dunia imezungukwa na ngao ya bluu, na jua linaitoboa. Msemaji anasema ngao ile ndiyo ile dari iliyotajwa katika Suratul Anbiyaa, kwamba imepasuka, na kwamba bila ngao hiyo sote tungeungua kwa dakika moja.

Nikaona hapa pana mawaidha. Nikarekodi sauti ya dakika saba: jua limekata intaneti yetu, dari imepasuka, tubuni. Kufika Alfajiri ilikuwa imezunguka kwenye magrupu nisiyoyajua.

Baada ya swala ya Adhuhuri akanijia mwalimu wa fizikia anayeswali nasi safu ya pili. Kijana mpole. Akanivuta pembeni, akasema, "Sheikh wangu, niwie radhi. Dhoruba ya jua ni kweli. Intaneti kukatika ni kweli. Lakini moja halikusababisha lingine. Nyaya za chini ya bahari zimekatika huko kusini, upande wa Afrika Kusini. Na ile ngao haikupasuka, Sheikh. Ilibonyea, kisha ikarudi."

Nikamwambia, "Umejuaje?" Akatabasamu. "Hilo ndilo swali zuri, Sheikh. Watu wamehangaika miaka mingi kulijibu."

Ningeweza kuyamaliza pale. Lakini wiki ile ile binti mmoja wa madrasa yetu, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliuliza mbele ya wenzake: "Ustadh, kama habari ya ile ngao haikuwa kweli, basi na aya je?"

Wallahi, swali lile lilininyima usingizi. Aya haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyeifunga kamba kwenye klipu, klipu ilipoanguka, mtoto akadhani na aya imeanguka nayo.

Basi nikakaa na yule mwalimu jioni kadhaa, nikajifunza. Leo nawapa nilichojifunza, kisha nitatoa rai yangu.

MPAKA WENYEWE NI NINI?

Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Linatoa pia upepo wa chembe zenye umeme, unaokimbia kwa kawaida kiasi cha kilomita 400 kila sekunde. Dunia yetu nayo ni kama sumaku kubwa, na uga wa sumaku yake umetanda mbali sana angani. Upepo wa jua ukikutana na uga huo, kuna mahali vinasukumana hadi nguvu zinalingana. Hapo ndipo penye mpaka. Wataalamu wanauita magnetopozi.

Upande wa mchana, mpaka huo uko kwa kawaida takriban kilomita 64,000 kutoka kitovu cha dunia. Upande wa usiku uga unavutwa kama mkia, mrefu kupita hata ulipo mwezi. Dhoruba kali ikija, mpaka wa mbele unasukumwa ndani hata ukapita zilipo satelaiti za mawasiliano, zilizo kilomita 36,000 hivi juu yetu. Upepo ukipoa, mpaka unarudi.

Kwa hiyo huu si ukuta. Wanaofahamu pwani watanielewa: ni kama mahali maji yanapokutana na mchanga. Mpaka upo, ni wa kweli, lakini ukiuchorea mstari asubuhi, mchana hutaukuta pale pale.

Wataalamu wawili, Sydney Chapman na Vincent Ferraro, waliutabiri mpaka wa namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kalamu na karatasi. Satelaiti ya Marekani, Explorer 12, iliyorushwa mwaka 1961, ikaukuta kweli huko juu.

Lakini hapo ndipo tatizo lilipoanza.

SHAHIDI MMOJA ALIONA NINI?

Chukua kijiti, kichomeke kwenye mchanga wa pwani. Maji yanakifikia, yanarudi, yanakifikia tena. Kijiti kinajua kitu kimoja tu: sasa nimelowa, sasa nimekauka. Hakijui maji yanakwenda kwa kasi gani. Hakijui yametoka upande gani. Hakijui ni wimbi moja limerudi au ni mawimbi mawili.

Satelaiti moja ni hicho kijiti. Huko mpakani yenyewe inasafiri kwa kilomita chache tu kwa sekunde, ilhali mpaka unaweza kuhama kwa makumi ya kilomita kwa sekunde. Mara nyingi si satelaiti iliyouvuka mpaka, ni mpaka ndio ulioivuka satelaiti, tena mara kadhaa katika safari moja.

Nipeni masikio kwa hesabu ndogo. Ni mfano wangu tu, ili tuelewane. Tuseme satelaiti imekaa sekunde 20 ndani ya tabaka la mpaka. Ukidhani mpaka umesimama na satelaiti ndiyo inayotembea kwa kilomita 2 kwa sekunde, utasema unene wa mpaka ni kilomita 40. Lakini ikiwa mpaka wenyewe ndio uliokuwa unapita kwa kilomita 30 kwa sekunde, basi unene ni kilomita 600. Chombo hakikusema uongo. Saa haikukosea. Na bado jibu limepotea mara kumi na tano, kwa sababu shahidi mmoja hawezi kujua kama ni yeye aliyetembea au ni kile anachokishuhudia.

Mwaka 1977 zikapelekwa satelaiti mbili zifuatane kwenye njia moja, ISEE-1 na ISEE-2. Ukijua umbali kati yao, na ukijua mpaka umechelewa sekunde ngapi kutoka ya kwanza hadi ya pili, unapata kasi. Hapo ndipo ilipobainika wazi kwamba unene wa mpaka ni wa mamia ya kilomita. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini wawili bado hawakutosha.

KWA NINI WANNE?

Uko ndani usiku, paa ni la bati. Unasikia mvua imefika kwako. Imetoka wapi? Hujui. Kesho yake unamuuliza jirani, anakwambia kwake ilifika dakika mbili baadaye. Sasa umepata fununu. Lakini huenda mvua ilikuja kimshazari, kwa hiyo hujapata jibu kamili. Ukimpata wa tatu, ambaye nyumba yake haiko kwenye mstari mmoja na zenu, hapo unaweza kujua mvua ilielekea wapi na kwa kasi gani. Hiyo ni kwa ardhi bapa. Angani kuna pia juu na chini, basi unamhitaji wa nne, anayekaa ghorofani.

Maswali ni matatu: mpaka unaelekea wapi kulia na kushoto, unaelekea wapi juu na chini, na kwa kasi gani. Mashahidi wanne wakikupa nyakati nne, unapata tofauti tatu za wakati. Maswali matatu, majibu matatu. Ndiyo maana satelaiti zinapangwa kama piramidi yenye ncha nne.

Na hapa nawazuia mapema wale wenye mikono myepesi: msije mkaandika "mashahidi wanne katika sheria, satelaiti nne angani, muujiza!" Hapana. Wanne hapa ni hesabu ya jometri. Tusiirudie dhambi yangu kabla hata darsa haijaisha.

ROKETI ILIYOANGUKA NA SOMO LAKE

Shirika la anga la Ulaya lilitengeneza satelaiti nne kwa kazi hii, mradi ulioitwa Cluster. Tarehe 4 Juni 1996 zikapandishwa zote nne juu ya roketi mpya, Ariane 5, kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikumaliza hata dakika moja. Ikapinda, ikavunjika, ikalipuka. Kazi ya miaka mingi ikaanguka vipande vipande kwenye vinamasi.

Sababu? Kipande cha programu ya kompyuta kilichochukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4. Kule kilifanya kazi vizuri. Hapa roketi ilikuwa na mwendo mwingine, ikatoa namba kubwa kuliko nafasi iliyowekwa, kompyuta ikazimika. Jambo lililokuwa sahihi mahali pake lilibebwa kupelekwa mahali pengine bila kukaguliwa upya.

Mtasema: je, hapakuwa na kompyuta ya akiba? Ilikuwepo. Lakini ilikuwa na programu ile ile. Ikashindwa kwa kosa lile lile, tena kabla kidogo ya ile kuu.

Ndugu zangu, simameni hapa. Kompyuta mbili zilizonakili programu moja hazikuwa mashahidi wawili. Zilikuwa shahidi mmoja mwenye vinywa viwili.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi mnalijua hili kuliko mhandisi yeyote. Hadithi ya nia, tunayowafundisha watoto mwanzo kabisa, imepokewa na watu wengi mno kutoka kwa Yahya bin Said. Lakini juu yake ni mtu mmoja kwa mtu mmoja, mpaka kwa Umar, Allah amridhie. Ni sahihi bila shaka, kwa sababu ya uthabiti wa watu wake. Lakini maulamaa hawakuwahi kuiita mutawaatir kwa sababu ya wingi wa wale wa chini. Wingi wa chini hauongezi mashahidi wa juu.

Sasa ipime klipu yangu kwa mizani hiyo. Niliiona kwenye magrupu matano, nikadhani nina mashahidi watano. Kumbe zote ni klipu moja, imetoka kwa mtu mmoja nisiyemjua jina, na tumeisukuma tu kutoka simu hadi simu.

WALIPORUDI NA WANNE

Wale watu hawakukata tamaa. Wakajenga upya, na mwaka 2000, Julai 16 na Agosti 9, satelaiti nne zikarushwa mbili mbili kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur, Kazakhstan. Majina waliyozipa, Allah atuhifadhi, ni ya ngoma: Rumba, Salsa, Samba na Tango. Zilifanya kazi hadi mwaka 2024, zikisogezwa karibu au mbali, kwa makumi hadi maelfu ya kilomita, kulingana na kitu kilichotakiwa kupimwa.

Zikaona nini? Nitataja moja. Mwaka 2004 Hiroshi Hasegawa na wenzake walionyesha kwamba ubavuni mwa mpaka upepo wa jua unapopita kwa kasi, unazalisha mawimbi yanayojikunja kama mawimbi ya bahari yanayopinduka, makubwa hadi kilomita 40,000, na kupitia hapo chembe za jua zinaweza kuingia ndani. Kwa satelaiti moja ungeona tu vitu vikipanda na kushuka, usijue kama ni wimbi la kawaida au limejikunja.

Kisha Marekani nayo ikarusha satelaiti zake nne mwezi Machi 2015, mradi wa MMS. Hizi zilikaribiana mno, hadi kilomita 7 hivi, huko juu kabisa. Tarehe 16 Oktoba 2015 zikapita kwenye mpaka, mahali hasa ambapo mistari ya sumaku ya jua na ya dunia inakatika na kuungana upya, kama mlango unaofunguka. Chombo chao cha kupima elektroni kilikuwa kinapiga picha moja kila sehemu 30 za elfu za sekunde, kwa sababu tukio lenyewe linapita kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo ile ngao ya bluu ya kwenye klipu, ukuta usiopenyeka unaopasuka kama kioo, haipo. Kilichopo ni mpaka hai: unabonyea, unapumua, unajikunja, unavuja kidogo, unarudi. Na hatulindwi na sumaku peke yake. Hewa hii tunayoivuta nayo inazuia sehemu kubwa ya chembe zisitufikie. Ncha za sumaku za dunia zimewahi kugeuka mara nyingi, mara ya mwisho takriban miaka 780,000 iliyopita, na uga hudhoofika sana wakati huo. Viumbe hawakuungua kwa dakika moja. Maneno yale niliyoyatangaza kwa sauti ya kutetemeka hayakuwa na mashiko.

RAI YANGU

Nakuja kwenye rai, na najua baadhi ya ndugu zangu masheikh hawataipenda.

Tuache kuzifunga aya kwenye habari za sayansi ambazo sisi wenyewe hatujazielewa. Sisemi tusizitazame mbingu. Qur'an inatuamrisha tuzitazame na tutafakari. Lakini kutafakari ni kitu kingine na kunyakua ni kitu kingine. Mwenye kutafakari anakaa, anauliza, anasubiri. Mnyakuzi anatafuta klipu ya kumalizia hotuba.

Ndugu mmoja aliniambia, "Sheikh, hizi klipu zinawarudisha vijana msikitini. Ukiwakataza, umewavunja moyo." Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Nimewaona vijana waliorudi kwa sababu ya klipu. Lakini nimemwona pia yule binti. Kijana uliyemleta kwa hoja mbovu, umemwachia deni la kulipa siku atakapokutana na mwalimu wa fizikia. Mwalimu huyo asipokuwa mtu wa safu ya pili, akiwa mtu wa kudhihaki dini, unadhani kijana atamrudia nani?

Elimu ya mbinguni haikusubiri satelaiti ije kuithibitisha. Na satelaiti nazo zimerushwa na watu waliotaka kujua, si kututafutia sisi mawaidha. Tuipe kila moja heshima yake.

Wala msidhani kuhakiki kwa namna hii ni jambo la kuazima kwa Wazungu. Al-Biruni, karne ya kumi na moja, alitaka kujua hasa ulipo mji wa Ghazna ili aelekee kibla kwa usahihi. Aliandika kitabu kizima, Tahdid, kuhusu kuainisha mahali pa miji. Hakuridhika na njia moja. Alipiga hesabu ya tofauti kati ya Baghdad na Ghazna kwa kupitia miji ya kaskazini, akaipiga tena kwa kupitia miji ya kusini, kisha akayalinganisha majibu. Yote hayo ili swala yake ielekee mahali sahihi. Huyo ndiye babu yetu katika elimu, na sisi tunashindwa hata kuuliza klipu imetoka wapi?

Katika kuandama mwezi, madhehebu yetu ya Shafi yanapokea shahidi mmoja muadilifu kwa kuingia Ramadhani, na yanataka wawili kwa kutoka. Maulamaa walijua kwamba idadi ya mashahidi inafuata uzito wa jambo. Na Suratul Hujurat imetuamrisha kubainisha kabla ya kuchukua hatua, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mimi nimejuta.

Basi kabla hujabonyeza kusambaza, jiulize matatu.

Kwanza: mashahidi hawa wamesimama mahali tofauti, au wote wamenakili kwa mmoja?

Pili: kilichohama ni nini? Habari imebadilika, au ni mimi niliyebadilisha mahali pa kusimama kwa sababu ninataka iwe kweli?

Tatu: ikibainika kesho kwamba ni uongo, ni nini kitakachoanguka pamoja nayo? Kama ni jina langu tu, si kitu. Kama ni imani ya mtoto wa watu, simama.

Yule binti nilimwita pamoja na mzazi wake. Nikamwambia, "Mwanangu, aya iko pale pale. Aliyeteleza ni ustadh wako." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ungetuambia tangu mwanzo kwamba hujui, Ustadh." Hakuwa na utovu wa adabu. Alikuwa amesema kweli. Imamu Malik, Allah amrehemu, alijulikana kwa kusema "sijui" mbele za watu, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Ile sauti yangu ya Mei bado inazunguka, siwezi kuirudisha. Ukikutana nayo, tafadhali mjibu aliyeituma kwa darsa hii. Mwambie mwenyewe ameirudia na ameikana.

Allah atujaalie ndimi zinazosubiri elimu, na atusamehe yale tuliyoyasema kabla hayajatufikia vizuri. Wallahu a'lam.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.